Aliyeanza Ubibi Kabla ya Usichana

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza: maneno haya yameandikwa na wadogo watatu wa marehemu wakiwa wamekaa meza moja, na yanasomwa na wa mwisho wao, kitinda mimba. Ameomba humu ndani atajwe kama mtu mwingine. Akianza kusema "mimi" sauti itamkatika kabla hajafika katikati, na marehemu hakupenda kazi inayoachwa njiani.

Mtuvumilie pia kwa mpangilio. Wasifu wa watu wengi huenda kwa foleni: mtu kazaliwa, kasoma, kafanya kazi, kaoa au kaolewa, kazeeka. Wa marehemu haukukubali kupangwa hivyo. Wadogo zake walijaribu kuunyoosha, ukawashinda, wakauacha ulivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1957, kifungua mimba wa dereva wa lori na mama aliyefua nguo za watu. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, ukuta mmoja umepakana na ghala la mbao, hivyo watoto wote walikua wakinusa unga wa msumeno. Nyuma yake walifuata wa kike, ambaye sasa ni mwokaji mikate, kisha wa kiume aliyerithi usukani wa baba, kisha huyu kitinda mimba, fundi bomba. Wanaomkumbuka marehemu akiwa mdogo wanasema alikuwa mcheshi, mwepesi wa miguu, hodari wa kuruka kamba, na mvivu wa kuosha vyombo kuliko watoto wote wa mtaa. Habari hiyo ya uvivu iliwashangaza sana wadogo zake waliposimuliwa juzi. Wao hawakuwahi kukutana na mtoto huyo.

Mama yao alifariki tarehe 3 Machi 1969. Marehemu alikuwa na miaka kumi na moja. Baba alikuwa safarini, akafika lori likiwa bado na mzigo, akakaa kwenye kizingiti akalia mpaka watu wakamwinua. Marehemu hakulia. Wapo majirani waliosema mtoto huyu ana moyo mgumu kama jiwe la kunolea. Wakati wa maziko alikuwa jikoni anachemsha maziwa ya mtoto mchanga, na maziwa ukiyapa kisogo yanamwagika.

Alikuwa darasa la tano. Baba alimwambia asimamishe shule kidogo tu, mpaka apatikane mtu wa kukaa na wadogo zake. Mtu huyo alitafutwa mwezi wa kwanza, akatafutwa kwa uvivu mwezi wa pili, na baadaye ikawa wazi kwamba ameshapatikana na anaosha vyombo.

Jina la "Bibi" mnalomjua nalo lilianza mwaka huohuo. Mwokaji mikate, wakati huo ana miaka minane, alikataa kunawa miguu kabla ya kulala. Marehemu akashika kiuno, akasema, "Enzi zetu watoto walikuwa wakiambiwa mara moja."

"Enzi zenu lini, we bibi?" mdogo wake akauliza.

Enzi hizo zilikuwa mwaka juzi. Nyumba nzima ilicheka, hata baba, aliyekuwa hajacheka tangu msiba. Tangu siku hiyo akawa Bibi nyumbani, Bibi mtaani, Bibi dukani. Kitinda mimba peke yake ndiye aliyekuja kumwita Dada, kwa kuwa hakuwahi kufundishwa jina jingine. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Bibi aliilea kazi yenyewe bila kupitia mimba, na aliilea vizuri. Dereva wetu, yule aliyerithi usukani wa baba, alikuwa akikojoa kitandani mpaka darasa la tatu, na hakuna aliyewahi kujua, kwa maana godoro lilikuwa likitoka nje alfajiri na kurudi kavu kabla wenzake hawajauliza. Ameruhusu jambo hilo lisomwe leo. Amesema Bibi alilificha miaka yote, na yeye anataka kulitoa kama sadaka.

Godoro hilo ndilo lililomfungulia kazi. Kwa kulifumua na kulijaza upya mara kwa mara, mkono wake ulizoea sindano ndefu. Fundi wa makochi wa mtaa wa pili aliliona limeanikwa ukutani, akasimama, akapapasa mshono, akauliza nani kashona. Mwaka 1974, akiwa na miaka kumi na saba, Bibi akaanza kufagia karakana yake. Baada ya mwaka alikuwa anakata sponji. Baada ya mitano alikuwa anafunga springi, anavuta kitambaa kwenye fremu, misumari midogo imejaa mdomoni, nyundo mkononi, na bado anaweza kugombana na mteja kwa pembe ya mdomo. Fundi alipostaafu mwaka 1988 alimwachia karakana, meza ya kukatia na paka.

Humo ndimo alimojifunza alichokijua kuhusu binadamu. Kabla hajagusa kochi la mtu aliuliza swali moja: nani anakaa hapa? Alisema mtoto hakai kwenye kochi, analipanda. Kijana hakai, anajimwaga. Mtu mzima anakaa ukingoni kwa sababu daima ana mahali pa kwenda. Mzee ndiye anayekaa kweli, ila ukimwekea sponji laini mno hatanyanyuka. Basi kochi moja la watu watatu lilitoka kwake lina ugumu wa aina tatu, na mwenye nyumba alionyeshwa nani akae upande gani. Maharusi fulani waliwahi kumkatalia, wakataka laini mwanzo mwisho. Akawashonea. Miezi michache baadaye bwana harusi alirudi na kochi kwenye mkokoteni.

"Baba mkwe alikuja?" Bibi akauliza.

"Alikuja."

"Mlimtoa watu wangapi?"

"Watatu, Bibi. Na suruali ikachanika."

Alikuwa akisema kila umri una kazi yake, na kazi usiyoifanya haiendi popote, inakungoja njiani. Utotoni ujue kuamini watu na kucheza. Ujanani ujitafute, ujue unampenda nani. Utu uzima ulee, ujenge. Uzeeni uwe na uwezo wa kugeuka nyuma bila kuona haya. Hakuyasoma mahali. Aliyaona kwa wateja, na aliyaona zaidi kwake mwenyewe, kwa sababu alijua alirukia ngazi ya juu na kuziacha za chini hazijakanyagwa. Ilimuuma. Hakulificha hilo. Wadogo zake walipokuwa wakubwa, kila mmoja na kwake, Bibi alianza kurudi kuziokota kazi zake moja moja.

Aliokota shule kwanza. Mwaka 1990, akiwa na miaka thelathini na tatu, alijiandikisha darasa la jioni la watu wazima, kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mwalimu aliwapa insha yenye kichwa "Utoto Wangu". Wenzake walijaza kurasa. Bibi aliandika sentensi moja: "Bado sijaufikia." Mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka, akaandika chini yake kwa wino mwekundu, "Endelea." Bibi alimaliza darasa la saba mwaka 1993, na cheti chake kilitundikwa karakanani juu ya mashine, wateja wakisome wakitaka wasitake.

Kisha akaokota ujana. Wanasema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wa kwake ulirudi, tena ulimkuta na miaka arobaini na mitatu. Mchora mabango mmoja, mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye binti wa miaka tisa, alileta kiti kimoja cha mezani kilicholegea misumari kikazwe upya. Wiki iliyofuata kiti kilekile kilikuwa kimelegea tena. Kikaja mara ya tatu. Mara ya nne Bibi alikigeuza, akakuta alama za koleo.

"Baba, hiki kiti kinang'olewa misumari."

"Na nani?" akauliza mchora mabango, macho kwenye paka.

"Wewe unachotaka hapa ni kiti?"

"Hapana," akasema. "Kiti sina shida nacho."

Miezi iliyofuata iliwatesa wadogo zake. Bibi alianza kujipaka manukato. Alianza kuchelewa. Jioni moja kitinda mimba, mume wa mtu na baba wa watoto, alikwenda kumtembelea akakuta mlango umefungwa, akangoja barazani mpaka taa za mtaa zikawaka. Bibi akatokea, viatu mkononi.

"Umetoka wapi saa hizi, Dada?"

"Kutembea."

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

Bibi akafungua mlango, akapita, akasema bila kugeuka, "We mtoto, usinilelee." Kitinda mimba alirudi kwake amekasirika, akamsimulia mkewe, na mkewe akacheka mpaka akaomba maji.

Walifunga ndoa tarehe 8 Septemba 2001. Hawakujaliwa mtoto wa kuzaa. Binti wa mchora mabango alikuwa na hofu na mama wa kambo, kama watoto wengi. Bibi hakumlazimisha kumpenda. Alimshonea kiti chake mwenyewe, kidogo kwa kimo chake, akakiweka karibu na mashine, akaendelea na kazi. Siku moja akageuka akamkuta amekikalia. Mumewe alifariki mwaka 2016, na katika msiba huo pia Bibi ndiye aliyepokea wageni, akapanga sufuria, akawafuta wengine machozi. Mwokaji mikate alimwambia, "Bibi, lia basi, mume kafa." Akajibu kwamba atalia watu wakishaondoka. Watu waliondoka, na wadogo zake wanajua kwamba aliosha vyombo.

Michezo aliiokota akiwa na miaka sitini na miwili. Mtoto wa binti yake alikuwa anajifunza baiskeli, na Bibi akasema ampishe kidogo. Alianguka, akachubuka goti, akalionyesha mtaa mzima kama mtu aliyepewa nishani. Aliendesha mpaka miguu ilipokataa.

Miguu ilikataa mwaka 2023. Ilianza kuvimba jioni, ikaendelea kuvimba mchana, na Bibi akaanza kuvaa sketi ndefu na kusema ni fasheni. Utu uzima dawa, lakini kwake ulikuwa pia ugonjwa: alishazoea kuwa yeye ndiye wa kuulizwa hali. Daktari alisema moyo umetanuka, na umetanuka siku nyingi. Novemba mwaka jana alikubali, kwa shingo upande, kuhamia kwa kitinda mimba. Alikuwa mgonjwa mgumu. Sahani yake aliiosha mwenyewe kwenye beseni kitandani. Alikunja shuka alilolilalia. Aliamuru jikoni kupitia ukutani. Kila aliyemletea chai aliambiwa asijisumbue, na alisema hivyo kwa hasira kidogo, kama mtu anayeibiwa.

Kuoga alioga kwa msaada wa mke wa kitinda mimba na mwokaji mikate. Miguu, ambayo ilihitaji maji ya uvuguvugu na chumvi kila asubuhi, aliichukua kitinda mimba. Siku ya kwanza Bibi aliivuta akaipandisha kitandani.

"Mimi ndiye niliyekuosha wewe."

"Ndiyo, Dada. Ndiyo maana najua."

Akairudisha. Kisha akasema, "Katikati ya vidole. Umeruka."

Wadogo zake walidhani imeishia hapo, kwamba hatimaye amekubali kutunzwa. Haikuwa imeishia. Asubuhi moja ya mwezi wa Januari, miguu imo ndani ya beseni, alisema kuna jambo lazima aliseme kabla hajaondoka, na kitinda mimba asiinue kichwa, aendelee kuosha.

Inabidi mwelezwe jambo ambalo nyumba yetu ilikuwa ikiliishi. Kitinda mimba alikua akijua kwamba alizaliwa tarehe 20 Februari, na kwamba mama aliugua homa akafariki siku chache baadaye. Siku hizo chache ndizo zilizokuwa urithi wake. Bibi alimsimulia kila alipoomba, na aliomba karibu kila jioni: jinsi mama alivyombeba akamcheka masikio, akasema haya ni ya babu yako. Jinsi alivyomwimbia wimbo usio na maneno, wa kuvumisha tu kwa midomo iliyofumbwa. Jinsi alivyokataa kumlaza kitandani, akalala naye kifuani. Mtoto aliyekosa mama ana swali moja linalomla, kama alipendwa au hakupendwa, na kitinda mimba hakuwahi kulala na swali hilo. Alikuwa na siku zake.

"Mama alikufa siku uliyozaliwa," Bibi akasema. "Tarehe tatu Machi. Hakukuona. Mkunga alikutoa, akatafuta wa kukupa, nilikuwa nimesimama mlangoni. Akanipa mimi. Tarehe ya Februari niliitunga nikaenda kuiandikisha shuleni. Baba alijua. Wakubwa zako wale wawili niliwakataza wasiseme."

Kitinda mimba aliosha. Maji yalikuwa yanapoa.

"Ningekwambia ukweli ungekua ukidhani umemuua. Nilikuwa na miaka kumi na moja, sikujua lingine la kufanya. Na nikilia mbele yako ungeuliza nalilia nini. Kwa hiyo sikulia."

"Na wimbo?" akauliza.

"Wimbo gani?"

"Aliyeniimbia nani?"

Bibi akatazama beseni. "Mimi."

"Aliyecheka masikio?"

"Yalikuwa makubwa. Mimi."

"Na kulala kifuani?"

"Nani mwingine angekulaza?"

Ndipo kitinda mimba alipoinua kichwa, ingawa alikatazwa. Bibi alikuwa anamtazama kwa woga, na wadogo zake wote watatu wanakubaliana kwamba hawakuwahi kumwona na woga. Alisema, "Nilikudanganya miaka yote. Zile siku hazikuwepo."

"Zilikuwepo, Dada. Ulinipa wewe. Sizirudishi."

Bibi akafunika uso kwa mikono miwili. Alilia. Alilia kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa ya mwanamke wa miaka sitini na saba, akamwita mama yake, akamwuliza kwa nini alimwachia mtoto mikononi akaenda. Mwokaji mikate alikuja mbio kutoka jikoni, akasimama mlangoni, akaelewa bila kuambiwa. Alipanda kitandani akamkumbatia kwa nyuma. Kitinda mimba aliikausha miguu yake kwa taulo, polepole, katikati ya vidole pia, na hakuna aliyemwambia Bibi anyamaze. Alikuwa amechelewa kwa miaka hamsini na mitano na wote walimpa muda wake.

Baada ya siku hiyo alibadilika. Chai iliyoletwa aliinywa. Sahani aliiacha ichukuliwe. Alipotaka mto ugeuzwe alisema, "Nigeuzieni mto," bila kuomba radhi, na nyumba nzima iligombania kuugeuza. Aliuliza habari za mama kwa yeyote mwenye umri wa kukumbuka, alivyocheka, alivyotembea, na aliposikia kwamba mama naye alikuwa mvivu wa kuosha vyombo alifurahi siku nzima.

Alifariki Jumatatu ya tarehe 17 Februari 2025, saa nne asubuhi. Mwokaji mikate alikuwa anamchana nywele. Alisema, "Pole pole hapo," akafumba macho, na mwokaji mikate akaendelea kuchana kwa muda kabla hajajua.

Marehemu ameacha binti mmoja, aliyelelewa naye tangu miaka tisa, na mjukuu mmoja aliyemfundisha baiskeli. Ameacha wadogo watatu, wakwe wawili, wapwa tisa, karakana inayoendelea kufanya kazi chini ya binti yake, na paka, ambaye ni wa kizazi cha saba au cha nane cha yule wa kwanza. Analazwa leo ubavuni mwa mama yake.

Juzi tarehe 20 Februari ilipita na mwili wake bado haujazikwa. Mke wa kitinda mimba alimwuliza mumewe kwa sauti ya chini kama aipike keki au aiache. Alijibu aiache, siku yake bado haijafika. Tarehe 3 Machi atatimiza miaka hamsini na sita. Hajawahi kuiadhimisha tarehe hiyo, kwani kila mwaka Dada yake aliibeba peke yake, jikoni, mgongo umegeukia watu. Mwaka huu ataibeba yeye. Asubuhi atakuja hapa kumlilia mama kwa sauti ya kusikika, jambo ambalo sasa ni kazi yake, na kumshukuru aliyekuwa mlangoni mkunga alipotafuta wa kumpa. Jioni atakula na watoto wake. Mwenye nafasi aje, asubuhi au jioni.

Apumzike, Dada yetu. Alichelewa sana kupumzika.